Hewa ni nusu ya mashine ya plasma

Mashine ya kukatia chuma kwa plasma si kifaa cha viwanda vikubwa peke yake tena. Imeshuka bei, imepungua uzito, na sasa iko Gerezani jijini Dar es Salaam, iko Kamukunji jijini Nairobi, iko kwenye karakana ndogo za mageti na madirisha katika miji ya wilaya. Pamoja nayo yamekuja malalamiko yanayofanana kila mahali: inakata vizuri mwanzoni kisha moto unakatika, inarusha cheche juu ya bati bila kutoboa, inaacha ukingo wenye mabonge yanayohitaji kusagwa kwa grenda, inamaliza nozeli na elektrodi kabla ya wakati. Hukumu nayo ni ileile: mashine ni feki. Inarudishwa dukani kwa ugomvi, inafunguliwa na fundi wa redio anayetafuta bodi iliyoungua, au inasukumwa kwenye kona na kufunikwa turubai. Ninachotaka kusema ni kwamba hukumu hiyo mara nyingi hutolewa kabla ya kupima kitu rahisi kuliko vyote kupima, yaani hewa inayoingia kwenye mashine. Hasara inayotokana na haraka hiyo humwangukia fundi mwenye mtaji mdogo, na baada yake mteja aliyelipia geti.

Tuanze na kazi ya hewa yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo kutoelewana kunapoanzia. Ufundi wa kukata kwa plasma ulitokana na kazi ya Robert Gage wa kampuni ya Union Carbide ya Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1957. Aligundua kwamba tao la umeme likibanwa kupita kwenye tundu dogo pamoja na gesi, gesi hiyo hupata joto la maelfu mengi ya nyuzi na kugeuka mshale mwembamba unaopenya chuma. Katika mashine ndogo za leo, gesi hiyo ni hewa ya kawaida iliyogandamizwa na kompresa. Hewa ndiyo inayogeuka plasma. Hewa hiyohiyo ndiyo inayopuliza chuma kilichoyeyuka kitoke upande wa chini wa bati, na ndiyo inayopoza tochi ili shaba ya nozeli isiyeyuke. Katika tochi nyingi za sasa ndiyo pia inayosukuma elektrodi iachane na nozeli ili tao liwake. Kazi nne, na zote zinategemea kiasi, nguvu na usafi wa kitu kimoja. Umeme ukiwa sawasawa na hewa ikiwa mbovu, hakuna hata moja kati ya hizo nne itakayofanyika vizuri. Kwa hiyo anayesema amenunua mashine ya plasma bila kufikiria hewa, amenunua nusu yake.

Kosa la kwanza liko kwenye geji. Fundi anatazama geji ya rejuleta, anaona sindano imesimama kwenye bar 5 au 6, anaridhika kwamba presha ipo. Lakini hiyo ni presha ya hewa iliyosimama. Bomba la maji la nyumbani likiwa limefungwa huwa na nguvu hata kama mtaa mzima unateka. Upungufu unaonekana likifunguliwa. Hewa iko vivyo hivyo. Presha yenye maana ni ile inayosomwa wakati hewa inapita kwenye tochi, na inayosomwa kwenye mlango wa mashine, si kule kwenye kompresa mita 15 nyuma yake. Mashine nyingi zina swichi ya kujaribu hewa bila kuwasha moto, na zile zisizo nayo huendelea kupuliza kwa sekunde kadhaa baada ya kuachia kifyatuo. Nafasi hiyo inatosha kutazama sindano. Ikiwa ilisimama kwenye 6 na sasa imeporomoka hadi 3, tatizo limejitaja lenyewe: mpira mwembamba kupita kiasi, viungio vyenye tundu dogo, filta iliyoziba, au kompresa isiyotosha. Mipira laini ya kujikunja inayouzwa na vifaa vya kupulizia rangi mara nyingi ina kipenyo cha ndani cha milimita 5 au 6, wakati mashine za aina hii kwa kawaida zinataka kama milimita 10, na zaidi ya hapo mpira ukiwa mrefu. Wengi wakiona moto hafifu hupandisha presha kwenye rejuleta. Presha ikizidi nayo inaleta madhara, kwa maana tao linakuwa gumu kuwaka na elektrodi inaliwa upesi, na fundi anapata sababu nyingine ya kuamini kwamba mashine ni mbovu.

Hata hivyo presha ni sehemu tu ya habari. Swali zito zaidi ni lita ngapi za hewa kwa dakika, na hapa hesabu ndogo ya karatasi inafunua mengi. Chukua mashine ya ampea 40 inayotaka lita 170 kwa dakika kwenye bar 5, kiwango ambacho si cha ajabu hata kidogo kwa mashine za ukubwa huo. Iunganishe na kompresa ya hospawa 2 yenye tangi la lita 50, iliyoandikwa ubavuni kwamba ni ya lita 200 kwa dakika. Kwenye maandishi, hewa inabaki. Lakini kompresa ndogo za pistoni huandikwa kiasi zinachonyonya, si kiasi zinachotoa. Kinachotoka kikiwa kimegandamizwa huwa kama theluthi mbili ya namba hiyo, na pengine chini ya hapo. Tuipe lita 120. Tangi likiwa limejaa kwa bar 8, kompresa imezima. Fundi anaanza kukata. Presha inashuka hadi bar 6, ambapo kwa kawaida kompresa ndiyo kwanza inawaka. Kufikia hapo zimetoka lita 100, na zimechukua kama sekunde 35. Kuanzia hapo mashine inakula 170, kompresa inarudisha 120, na pengo la lita 50 linatolewa tangini kila dakika. Kutoka bar 6 hadi bar 5 zipo lita 50 tu. Jumla ni kama dakika moja na nusu, kisha presha inapita chini ya kiwango, swichi ya usalama ndani ya mashine inakata moto, na taa nyekundu inawaka. Fundi anapumzika kidogo, tangi linajaa, mashine inakata tena vizuri kabisa, kisha inazima tena. Dalili hii ya kuanza vizuri na kufa baadaye ndiyo inayolalamikiwa zaidi, na ndiyo inayosomwa kuwa bodi inapata moto. Tofauti kati ya bodi iliyopata moto na tangi lililokwisha inajulikana kwa kutazama geji kwa dakika mbili.

Mahali pia pana neno lake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ya Mombasa. Kompresa ileile, kwa mzunguko uleule wa pistoni, inanyonya hewa pungufu kwa kiasi hicho. Kompresa iliyotosha kwa shida pwani haitoshi bara. Pwani nayo ina adhabu yake, na ni kali zaidi, kwa sababu ni adhabu ya maji.

Hewa ya Dar es Salaam yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 hubeba takriban gramu 24 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hayaonekani kwa kuwa ni mvuke. Hewa hiyo ikigandamizwa hadi bar 8 na kupoa tangini hadi nyuzi 35, haiwezi tena kubeba zaidi ya gramu 4 au 5 kati ya zile 24. Zilizobaki, kama gramu 20, zinageuka maji. Mashine yetu ya lita 170 kwa dakika hupitisha mita za ujazo kama 10 kwa saa ya kukata, maana yake ni kwamba kila saa moja ya moto inazaa takriban mililita 200 za maji. Siku yenye saa nne za kukata ni karibu lita nzima. Katika hewa ya nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60, kama inavyokuwa siku nyingi za Nairobi, maji yaliyomo ni chini ya nusu ya hayo. Kwa hiyo mafundi wa pwani wanaposema mashine zao zinasumbua wakati wa masika hawabahatishi. Wanaeleza jambo la kweli kabisa, ila lawama wanaipeleka kwa mtengenezaji badala ya kuipeleka chini ya tangi, kwenye koki ya kumwagia maji ambayo pengine haijafunguliwa tangu kompresa inunuliwe.

Maji hayo yakifika kwenye tochi hayana msamaha. Elektrodi ni shaba yenye kipande kidogo cha madini ya hafniamu kwenye ncha yake, na ndicho kinachobeba tao. Katika hewa kavu kipande hicho huliwa polepole na kuacha shimo la duara lililo katikati, dogo na laini. Hewa ikiwa na maji, tao linayumba, shimo linachimbika haraka, tundu la nozeli linapanuka na kupoteza umbo lake la duara, na mshale uliopaswa kuwa mwembamba unatawanyika. Hapo ndipo bati linapokatwa kwa ukingo uliolala na mabonge chini yake. Mafuta ya kompresa iliyochakaa pete za pistoni huongeza masizi meusi ndani ya tochi. Fundi mwenye jicho anaweza kuyasoma haya kwenye vipuri vilivyotumika kabla ya kuvitupa, na nasikitika kwamba vipuri hivyo, ambavyo ndivyo ushahidi wenyewe, hutupwa bila kutazamwa na vipya hufungwa ili viharibiwe na maji yaleyale.

Wengine wanajibu kwamba wana filta, kile kikombe cha plastiki kinachokuja na mashine. Kikombe hicho kina kazi yake, lakini kinakamata matone tu. Mvuke unakipita kama haukioni. Kikifungwa kwenye kompresa, ambako hewa bado ni ya moto, maji mengi yanapita yakiwa mvuke na kugeuka matone baadaye ndani ya mpira, yaani baada ya filta, mahali pasipo na cha kuyazuia. Hewa inapaswa ipoe kwanza ndipo ichujwe. Filta ikae karibu na mashine, na kati yake na kompresa pawe na urefu wa bomba la chuma lenye mteremko na koki sehemu ya chini, ili maji yatokee huko. Namna ya kujua kama imefaulu ni rahisi: kwa swichi ya kujaribu hewa, bila kuwasha moto, puliza tochi kwenye kipande cha kioo kikavu kwa nusu dakika. Ukungu au matone yakitokea, hewa haijafaa. Ikiwa itabidi kufungua tochi kutazama elektrodi, mashine izimwe na kuchomolewa kwenye umeme kwanza, maana volti zake zinapita 200 na si za kuchezea.

Najua pingamizi la kwanza litakalotolewa, na lina uzito: umeme wetu. Volteji inashuka jioni, nyaya za kurefushia ni nyembamba, na vipuri bandia vimejaa sokoni. Yote ni kweli, na zipo mashine ambazo kweli ni mbovu tangu zilipotoka kiwandani. Lakini pingamizi hili haliondoi hoja yangu, linaipa mpangilio. Katika kutafuta hitilafu unaanza na kile kinachopimika kwa gharama ndogo na kinachoathiri mambo mengi. Kumwaga maji ya tangi ni bure. Geji ya pili kwenye mlango wa mashine ni ya bei ndogo ukilinganisha na bodi moja. Zaidi ya hayo, umeme na hewa havitengani kama inavyodhaniwa. Kompresa ya hospawa 2 na mashine ya plasma zikivuta kwenye waya mmoja mrefu wa fezi moja, volteji inaanguka pale moto unapowaka, na mota ya kompresa inapunguza nguvu au inagoma kuanza hasa wakati hewa inapohitajika zaidi. Anayesema tatizo ni umeme anaweza kuwa sahihi, na bado dalili aliyoiona kwenye tochi ikawa ni ya upungufu wa hewa. Asipopima hewa hawezi kujua. Kuhusu vipuri bandia, nozeli ya asili nayo ikilowana inakufa. Huwezi kumhukumu muuza vipuri kwa kipuri ulichokitumia kwenye hewa yenye maji.

Pingamizi la pili ni la mfuko. Mashine ya kukausha hewa kwa ubaridi inaweza kugharimu zaidi ya mashine ya plasma yenyewe, na kumwambia fundi wa kibanda anunue hiyo ni kumwambia afunge kazi. Nakubali, na simwambii anunue. Kati ya hewa ya kiwandani na kutofanya lolote ipo nafasi pana. Bomba la chuma lililopindwa kama nyoka ukutani hupoza hewa bila umeme. Filta ya chembechembe za silika jeli hukausha kile kilichobaki, na chembe zake zikishiba maji hukaushwa kwa joto na kutumika tena. Koki ya tangi hufunguliwa asubuhi na jioni, na pwani hata katikati ya siku. Kompresa mbili ndogo zinaweza kuunganishwa kwenye tangi moja ikiwa umeme unaruhusu, na kazi inaweza kupangwa kwa mikato mifupi inayolipa tangi muda wa kujaa. Hilo la mwisho halina gharama yoyote, lakini linawezekana kwa yule tu anayejua kwamba kinachokwisha ni hewa. Asiyejua anaendelea kubonyeza kifyatuo huku tochi ikikosa cha kuipoza.

Wapo pia wanaosema tabu yote hii ya nini, wakati grenda na gesi ya oksijeni na asetilini zipo na zimetujengea miji. Kwa chuma kinene cha kawaida gesi bado ina heshima yake. Lakini moto wa oksijeni haukati stenlesi wala alumini kwa namna inayofaa, bati jembamba unalikunja, na grenda haifuati maua na mikunjo ambayo wateja wa mageti wanaitaka sasa. Mafundi hawakuifuata plasma kwa ushamba wa vitu vipya. Waliifuata kwa sababu kazi imebadilika.

Basi wajibu ni wa nani? Sioni haki kumbebesha fundi peke yake. Muuzaji anayetoa mashine bila kumwuliza mnunuzi ana kompresa gani anajua, au anapaswa kujua, kwamba sehemu ya wateja wake watarudi wakiwa na hasira. Karatasi ya mashine inaeleza lita kwa dakika zinazohitajika. Namba hiyo inastahili kutajwa kwa sauti dukani, kwa Kiswahili, pamoja na onyo kwamba lita zilizoandikwa kwenye kompresa si hizo zitakazotoka. Vyuo vya VETA nchini Tanzania, na vyuo vya ufundi vya Kenya, vinafundisha kulehemu kwa umakini. Hewa iliyogandamizwa nayo inastahili kufundishwa kama somo lenye vipimo vyake: presha inayotembea, ujazo, maji, mafuta. Mwanafunzi anayeweza kuieleza ile hesabu ya dakika moja na nusu ataokoa fedha za mwajiri wake wa kwanza.

Lipo na suala la uhai. Maji yanayoachwa tangini yanakula chuma kutoka ndani, mahali pasipoonekana, na tangi lililooza lenye bar 8 linaweza kupasuka na kuua. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inayataja matangi ya hewa kati ya vyombo vinavyopaswa kukaguliwa, na Tanzania ina sheria yake ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003. Ukaguzi huo haufiki kwenye vibanda vingi. Koki inayofunguliwa kila siku inalinda nozeli na inamlinda pia mtu aliyekaa kando ya tangi, na sidhani kama ipo hoja nyingine inayohitajika kwa mwenye karakana ambaye vijana wake wanakalia kompresa wakati wa chai.

Na wako wanaotoa mitaji. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na karakana za kuchomelea ni kati ya miradi ambayo vijana huiandikia maombi. Ankara kifani inayoambatanishwa na ombi ikiwa na mashine ya plasma peke yake, afisa anayeipitia airudishe, akiulizia kompresa yenye lita za kutosha, mpira wa milimita 10, geji ya kwenye mlango wa mashine, filta yenye silika jeli, bomba la kupozea na koki zake. Kiasi cha mkopo kitapanda kidogo. Kikundi kitakuwa na mashine inayokata mfululizo, na marejesho yatatokana na mageti yaliyokwisha badala ya kutokana na mifuko ya wanachama.